Siku Thelathini na Saba

Saa mbili na robo asubuhi Kalenda alikuwa ameshainuka kwenye kiti mara sita. Mara ya kwanza alifunga dirisha, mara ya pili akalifungua, na hizo nne zilizobaki hata yeye hakujua ameinukia nini. Mwenzake aliyekaa ng'ambo ya meza, afisa wa uhamiaji ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Muhuri, alimtazama anavyohangaika kama mtu aliyekalia siafu, kisha akamwambia kwa ile kejeli yake ya taratibu kwamba faili halisomwi kwa miguu.

Jina la Kalenda alipewa hapo hapo kazini, na lilimkaa. Alikuwa mpelelezi wa ukaazi katika ofisi ya kodi, na kazi yake, ukiiondolea madoido, ilikuwa kuhesabu siku. Mgeni akikaa nchini siku mia moja na themanini na tatu ndani ya mwaka mmoja wa kodi, serikali inamhesabu mkazi, na mkazi hukatwa kodi kwa kila anachopata, hata kama anayemlipa yuko nchi nyingine na hajawahi kukanyaga hapa. Akikaa siku mia moja na themanini na mbili, ni mgeni tu, aende zake kwa amani. Kwa ajili ya hiyo siku moja ya katikati Kalenda aliwahi kuona watu wazima wakilia, wakitukana, na mmoja akizirai na tiketi ya ndege mkononi.

Faili la leo lilikuwa la mchoraji wa mabomba, bwana mmoja ambaye majirani zake humwita Baba Chiriku. Huyu huchora kwa kompyuta ramani za mabomba ya maji ya majengo makubwa, hospitali hasa, na anachorea kampuni ya ng'ambo akiwa sebuleni kwake, ghorofa ya nne, kwa kibali cha mfanyakazi wa mbali. Tangu aingie nchini kuifuata familia yake iliyotangulia hadi mwaka wa kodi ulipofungwa zilipita siku mia mbili na kumi na moja. Katikati ya hizo alisafiri siku thelathini na saba kwenda kwao kumuuguza baba yake, akamuuguza mpaka akamzika. Ukizitoa, zinabaki mia moja na sabini na nne. Mgeni. Faili lilitakiwa liwe limeshafungwa na Kalenda awe anakunywa chai.

Halikufungwa kwa sababu kampuni, ilipoombwa uthibitisho wa kawaida, ilileta zaidi ya ilichoombwa. Ilileta orodha ya saa kwa saa ya kompyuta ya mchoraji: imewashwa lini, imezimwa lini, na ilikuwa wapi. Kwa siku zote thelathini na saba kompyuta ilikuwa hapa hapa mjini. Na haikuwa imelala kabatini. Ilichora mabomba kutwa nzima, siku baada ya siku, mpaka ikamaliza hospitali.

Mzee Muhuri alikuwa ameshaikagua pasipoti kwa kioo cha kukuzia. Mihuri yote halali, wino halali, tarehe halali. Kwa hiyo, alisema, yapo mawili tu. Ama huyu bwana aligongewa muhuri wa kutoka, akarudi kinyemela kwa njia za panya, akakaa zake nyumbani anachora, akatoka tena kinyemela ili aje agongewe wa kuingia. Basi ni mwongo, kodi atalipa na nchi ataiona tena baada ya miaka mitano. Ama kweli alikuwa kwao, na mtu mwingine alichora badala yake.

"Na mle ndani mtu mzima mwingine ni mmoja tu," akamalizia.

Hapo ndipo Kalenda alipoinuka mara ya saba. Mke wa mchoraji, Mama Chiriku, alikuwa na kibali cha aina nyingine kabisa, kibali cha mlezi wa mwanafunzi. Binti yao wa miaka minane ni kiziwi, na anasoma katika shule ya viziwi ya hapa mjini. Alipoletwa, miaka mitatu iliyopita, hakuwa na lugha yoyote. Alikuwa akivuta watu nguo na kuonyesha kidole. Leo mikono yake hainyamazi tangu anaamka mpaka analala, na ndiyo sababu watu wa jengo lao wakamwita Chiriku. Sasa, kibali cha mlezi kina sharti moja lililoandikwa kwa herufi nene: mlezi asifanye kazi yoyote. Akifanya, kibali kinafutwa siku hiyo hiyo, na cha mtoto kinafutwa nacho, kwa kuwa mtoto hakai bila mlezi, na sheria haimtambui mwenye kibali cha kazi ya mbali kuwa mlezi. Mume akifukuzwa, mtoto anabaki shuleni. Mke akikutwa na hatia, mtoto anarudi kwenye kuvuta watu nguo.

Jopo la kuamua mafaili ya wageni lilikuwa linakutana saa kumi jioni. Mzee Muhuri alikuwa ameshachapa barua mbili, moja ya mume, moja ya mke, zimebaki saini tu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda meza yake iwe safi ikifika jioni. Akamwambia Kalenda achague mwenyewe amletee ipi, naye Kalenda akachukua mkoba wake na kutoka.

*

Alianza kwa mwenye nyumba, kwa sababu wenye nyumba hujua mambo hata wasiyoulizwa. Alimkuta chini ya ngazi akibadilisha balbu huku akilalamikia bei ya balbu. Alipoonyeshwa kitambulisho akanyooka, akapangusa mikono, akawa shahidi papo hapo.

Huyo mpangaji wa ghorofa ya nne, alisema, hakwenda popote. Watu walisema kasafiri, lakini yeye hadanganyiki kirahisi. Asubuhi nyingi saa mbili akipita koridoni kukagua taa aliisikia sauti ya bwana yule ndani, nzito vile vile, ikisema mambo ya mabomba: inchi mbili, inchi tatu, peleka kushoto, rudisha. Kwa masikio yake haya mawili. Kalenda akamuuliza kama alimwona kwa macho. Mwenye nyumba akasema sauti ya mtu ni mtu.

Kalenda aliandika. Ushahidi ulikuwa mzuri, mzuri kupita kiasi, na ulimpeleka moja kwa moja kwenye barua ya mume. Lakini mwenye nyumba alishachangamka, akawa anamwaga mtama wote. Akaeleza ubaya wa wapangaji wa siku hizi, jinsi walivyomtukana mwezi ule ule pampu ya maji ilipokufa. Siku kumi na moja maji hayakupanda hata ghorofa ya kwanza. Watu walibeba ndoo kutoka kwenye kisima cha jengo la nyuma, ngazi kwa ngazi, na kila aliyepita na ndoo alimwachia tusi lake pale chini. Mama Chiriku peke yake ndiye aliyepita kimya, tena na ndoo mbili.

"Na mumewe?" Kalenda akauliza.

Mwenye nyumba akafikiri. Mumewe hakumtukana hata mara moja, akasema, na kwa hilo alimpa heshima.

*

Mchoraji mwenyewe alifungua mlango kabla Kalenda hajagonga mara ya pili. Alikuwa mrefu, wa kuinama kwenye kizingiti, na vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ya sigara. Mkewe hakuwepo, alikuwa ametoka kwa shughuli zake na kutoka huko angempitia mtoto shuleni. Sebule ilikuwa ndogo, safi, na nusu yake ilikuwa ofisi: meza pana, kompyuta yenye skrini mbili, rula ndefu, na ukutani cheti kwenye fremu. Kalenda, ambaye husoma kila kilichotundikwa, akakisoma. Mchoraji Bora wa Mwezi. Akautazama mwezi, akautazama tena. Ulikuwa mwezi ule ule wa safari.

Bwana alimwona anavyokitazama, na hakungoja kuulizwa. Alivuta kiti, akakaa, akainuka, akakaa tena, kisha akasema kwa mkupuo kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Nilikuwa hapa. Andika hivyo. Nilitoka uwanja wa ndege, nikakaa kwetu siku mbili, nikarudi kwa njia ya barabara bila kupita kituo cha mpakani. Nilijificha humu ndani nikafanya kazi. Nitalipa kodi, na nitaondoka. Mke wangu na mtoto hawahusiki."

Kalenda alikaa kitako. Katika miaka kumi na minne ya kuhesabu siku hajawahi kuona mtu akimwomba amwongezee. Wote humlilia awapunguzie. Akatoa kalamu, akaandika kila neno polepole, na kila baada ya sentensi akauliza jambo dogo. Njia gani ya barabara? Akajibu. Gari gani? Lori la saruji. Kwa nini kampuni haikumpa likizo? Ilitoa siku tano tu za mgonjwa au msiba, akasema, na baba yake hakufa ndani ya siku tano. Alichukua wiki tano. Alikuwa amepooza upande wa kulia na hakutaka kulishwa na mtu mwingine.

Kisha akagundua alichokisema. Mtu aliyekaa kwao siku mbili hawezi kujua baba yake alikataa kulishwa na nani kwa wiki tano. Uso ukamwiva. Kalenda akajifanya hakusikia, maana hayo mtu angeweza kuyasikia kwa simu, na alitaka jambo lisilopingika.

"Mwezi ule mlipataje maji humu ndani?" akauliza, kama mtu anayezungumza tu kupoteza muda.

"Maji? Bombani, kama kawaida."

"Siku zote?"

"Siku zote. Labda yalikuwa yanapanda taratibu asubuhi."

Kalenda akafunga daftari. Jengo zima lilibeba ndoo siku kumi na moja, na huyu bwana aliyejificha mle ndani aliona maji bombani. Hata ile sauti ya saa mbili asubuhi sasa alijua ilitoka wapi: simu iliwekwa spika, bwana kitandani kwa mgonjwa akieleza inchi mbili, inchi tatu, na mwenye nyumba koridoni akitega sikio.

Hakumwambia hayo. Alimwambia maelezo yake bado hajayasaini, kwa hiyo kwa sasa ni maneno tu, na kwamba asitoke nyumbani mpaka arudi. Bwana akamfuata hadi mlangoni. Akamwomba, tena kwa adabu, akimwita dada, asiende shuleni. Kalenda hakuwa amesema anakwenda shuleni.

*

Alikwenda kwa miguu makusudi, akiipima njia kwa saa yake ya mkononi. Dakika kumi na nne kwa mwendo wa mtu mzima aliye peke yake. Geti la shule lilikuwa na daftari, na katibu wa shule, mama mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, hakuliachia mpaka alipokisoma kitambulisho pande zote mbili. Pale shuleni mtoto hatoki bila mzazi kuandika saa na kuweka saini, akaeleza, kwa sababu mtoto wa hapa akipotea barabarani hawezi kupiga kelele akasikika, wala hasikii anayemwita.

Kalenda akaitandaza orodha ya kampuni kando ya daftari, akaweka kidole cha kushoto huku na cha kulia kule. Kabla ya safari ya mchoraji kompyuta ilikuwa na mtindo wake: inachora karibu saa nzima, inanyamaza dakika kumi, inachora tena. Sigara hizo. Saa sita mchana haikuwa na habari ya kusimama. Baada ya safari, mtindo ni huo huo. Lakini kwa zile siku thelathini na saba hakuna mapumziko ya dakika kumi hata moja. Kompyuta inaanza saa mbili na robo, baada ya yale mazungumzo ya simu, inakwenda bila kupumua mpaka saa sita na robo, halafu kimya. Inaamka saa saba na robo. Na kwenye daftari la geti, kila siku ya shule, saa sita na nusu, au na dakika thelathini na mbili, au thelathini na tano, saini moja ndogo iliyonyooka. Jumamosi, ambapo shule imefungwa, hakuna kimya cha mchana.

Alihesabu mara mbili, kwa mazoea. Hakuna siku iliyomkatalia.

Kengele ya shule ile haikulia, iliwaka: taa nyekundu juu ya kila mlango. Watoto wakamwagika uwanjani kwa kishindo cha viatu, mikono yote hewani. Kalenda alisimama nyuma ya dirisha la katibu. Mama Chiriku alifika saa sita na dakika thelathini na moja, ana haraka, mwanamke mfupi sana aliyebeba begi begani, akajinyoosha kwa vidole vya miguu kuifikia kalamu iliyoning'inizwa kwa kamba getini. Binti yake alishaanza kumsimulia kabla hajafika karibu. Mama akajibu kwa mkono mmoja huku mwingine ukisaini. Wakaondoka hivyo, wakibishana jambo fulani kwa furaha, na katibu akasema, bila kuulizwa, kwamba mtoto huyo alipoletwa alikuwa akiuma watu.

Kalenda alitafuta benchi nje ya geti, akapiga simu ng'ambo kwa msimamizi wa michoro wa kampuni. Alimuuliza kwa mzunguko, kama anayekagua usahihi wa orodha tu. Msimamizi alikuwa mchangamfu. Alisema mchoraji wao ni mzuri, ila mwezi ule alipanda daraja, sijui alikula nini. Hospitali nzima haikurudishwa hata karatasi moja. Tena kuna jambo dogo ambalo mafundi walimwandikia barua kulishukuru: valvu zote alizishusha. Siku zote alikuwa akizichora juu, mtu asiweze kufunga maji mpaka alete ngazi, lakini mwezi ule kila valvu ilikuwa usawa wa kifua, hata muuguzi mfupi anaifikia bomba likipasuka. Kwa hilo wakampa cheti. Bahati mbaya, akasema akicheka, baada ya hapo amerudia mazoea yake ya zamani, valvu ziko darini tena.

Kalenda akamshukuru, akakata simu. Alikuwa na kila kitu sasa. Alikuwa na maji, sauti, geti, saa na valvu, na vyote vilimwelekea mwanamke mmoja mfupi mwenye haraka. Kwa kawaida dakika kama hiyo humpa raha. Leo haikumpa. Aliinuka benchi, akazunguka, akarudi kukaa, akainuka. Saa nane kasoro. Kisha akampigia Mzee Muhuri na kumuuliza swali ambalo mzee alidhani ni la jua kali.

"Mzee, kazi ni nini?"

"Umepatwa na nini wewe?"

"Nisomee sheria inavyosema. Kazi ni nini?"

Kurasa zikasikika zikifunuliwa. Mzee Muhuri alisoma kwa sauti yake ya mahakamani: kwa madhumuni ya vibali, kazi ni shughuli ambayo mtu anaifanya ili alipwe ujira wake mwenyewe. Akairudia peke yake, chini chini. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

Alipozungumza tena alikuwa ameshika utaratibu. Kama mshahara uliingia kwa mume kama siku zote, na mke hakupewa ujira wowote, hilo sheria inaliita msaada wa nyumbani, na msaada wa nyumbani haujawahi kumfukuzisha mtu. Siku thelathini na saba za mume zinasimama, faili linafungwa. Mambo yake na mwajiri wake hayatuhusu. Lakini lazima mke aandike mwenyewe, kwa mkono wake, na maneno aliyataja moja moja, Kalenda akayanukuu kwenye daftari lililokuwa pajani. Akiandika vingine, mzee akasema, barua ya mke anayo mezani.

*

Saa nane na nusu walikuwa watatu kwenye meza pana, kompyuta imesogezwa pembeni. Chiriku alikuwa chumbani, mlango wazi, anachora. Kalenda aliweka ushahidi wake mezani kipande kwa kipande, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye ndoo za maji, mchoraji aliinamisha kichwa. Alipofika kwenye valvu, alimgeukia mkewe kwa mshangao wa kweli.

"Ulizishusha?"

"Ulizichora pabaya," mkewe akasema. "Tangu chuoni nakwambia."

Walisoma chuo kimoja, darasa moja. Yeye ndiye aliyemsaidia mumewe kwenye mitihani ya mwisho. Hilo mume alilisema mwenyewe, tena haraka, kama linaweza kufaa kitu. Tangu mtoto apate nafasi shuleni, miaka mitatu sasa, mke hakuwa amegusa kazi yake. Alikuwa mlezi wa mwanafunzi. Kibali kilisema hivyo, na majirani walimwona hivyo.

Kalenda akauliza swali lililomleta. Mshahara wa mwezi ule uliingia akaunti ya nani? Ya mume. Mke alilipwa chochote? Mume akaruka kujibu: hata senti, alikuwa ananisaidia tu, dada, alikuwa ananisaidia tu. Alilisema mara ya tatu, na Kalenda aliona uso wa mwanamke ukifunga kama dirisha.

Akampa karatasi nyeupe na kalamu. Akamsomea yale maneno ya Mzee Muhuri, aliyoyaandika kwa haraka pale benchi: *Mimi, mlezi wa mwanafunzi, ninathibitisha kwamba sikufanya kazi. Nilimsaidia mume wangu kwa hiari katika shughuli za nyumbani.* Chini yake tarehe na saini. Faili likifika kabla ya saa kumi, wote watatu wanabaki.

Mume alishusha pumzi iliyosikika chumba kizima. Alitoa sigara, akaikumbuka adabu, akairudisha. Mkewe hakuishika kalamu.

"Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kupika na kufua, ili saa mbili nikae hapa," akasema. Alikuwa anazungumza na Kalenda, si na mumewe. "Nilichora ghorofa sita. Chumba cha upasuaji nilikirudia mara nne, kwa sababu maji moto yalikuwa yanachelewa kumfikia daktari. Huyu alinipigia asubuhi siku za mwanzo tu akawa ananielekeza. Baadaye alikuwa ananipigia nimwelekeze yeye, amfanyeje mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Nilikuwa nachoka sana, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu tuje hapa. Sasa unataka niandike kwamba sikufanya kazi."

"Ukitaka, nitaandika kwamba ulifanya," Kalenda akasema. "Ndiyo kweli, na nitaiandika vizuri, na saa kumi nitaipeleka. Mimi siwezi kukuchagulia."

"Mke wangu," mume akasema. "Chiriku."

"Namjua mwanangu."

Kalenda, ambaye tangu asubuhi hakuweza kutulia kitini dakika tano, alikuta hawezi kuinuka. Alitamani mtu yeyote mwingine angekuwa ameketi pale badala yake. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa na pa kuandikwa kwenye faili.

Mama Chiriku akavuta karatasi. Aliandika polepole, kwa herufi za mchoraji zilizonyooka bila mstari, akafika kwenye *sikufanya* akasimama. Wakati huo mtoto alikuwa ametoka chumbani. Alisimama ubavuni mwa mama yake, akaitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma yote, akamtazama mgeni, kisha mikono yake ikaanza. Mama akamjibu kwa mkono wa kushoto, kwa kifupi. Mtoto akakunja uso, akapiga mguu chini, akasema jambo refu zaidi, akionyesha juu, akionyesha meza, akijenga hewani kitu kirefu chenye sakafu nyingi.

"Anasemaje?" Kalenda akauliza.

Mume hakutafsiri. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ameniuliza naandika nini," Mama Chiriku akasema. "Nikamwambia naandika kwamba mama yake hana kazi. Anasema nimesahau. Anasema nikwambie habari za hospitali."

Akamshika mtoto kiganja, akakituliza juu ya goti lake. Kwa mkono mwingine akamalizia sentensi, akaweka tarehe, akasaini, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Ichukue upesi," akasema, "kabla sijaghairi."